Kisanduku cha Mwisho

Jumanne ni siku ya matumbo pale Makorora.
Tumekaa bencheni kama machungwa kwenye tenga la muuzaji,
makubwa mbele, madogo nyuma,
kila mmoja na kichupa chake cha mkojo
kakifunika kwa ncha ya kanga, asije akapita shemeji.

Nesi Perpetua Mhina ana pembe ya mbao.
Anaiegemeza tumboni, anafumba macho,
anamsikiliza mtu ambaye hajapewa jina.
"Anapiga vizuri." Kisha kadi.
Uzito, kaandika. Damu, kaandika. Mimba ya tano, kaandika.
Kwenye kisanduku cha mwisho kalamu inasimama.
"Baada ya huyu, Nyamvula, je?"

Najua, Sista. Usinifundishe kama mgeni.
Vidonge, sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi, lupu,
na mpira, ambao Baba Tunu huuita soksi
akacheka peke yake.
Nayajua tangu tumbo la Tunu.
Ukutani picha ile ile, mama yule yule anatabasamu,
watoto wake wawili wamevaa viatu,
na mimi kila nikirudi nimeongeza mmoja,
yeye hajaongeza.

Kujua si kazi.
Kazi iko Barabara ya Kumi na Saba, taa ikishazimwa.
Iko kwa jirani yangu Mwanjaa, aliyeapa
kijiti cha binamu yake kilitembea,
kikapita kwapani, kikawa kinautafuta moyo
kama mtu anayetafuta nyumba ya mdeni wake.
Tulicheka. Usiku nikajipapasa mkono, mkono usio na kitu.

Iko kwa Zahoro.
Alikuwa na miezi saba, nikashika mimba ya Mwanakheri.
Ziwa likakatika ghafla, uji akautema,
miguu ikawa vijiti vya mbono,
na wifi zangu wakalisema lile neno kwa sauti ya chini,
wakijua nasikia: kabemendwa.
Miaka mitatu nimelimenya neno hilo, Sista,
kama ninavyomenya chungwa, ganda lisikatike,
na ndani nimekuta mbegu:
bibi zetu walijua mtoto anataka nafasi.
Walifunga pigi kiunoni, uzi na fundo na kipande cha mzizi,
baba akalala upande wake mpaka mtoto akimbize kuku.
Uzi ulipokatika likabaki neno tu,
na neno likatuangukia sisi.

Baba Tunu yuko shamba la mkonge.
Jumamosi huja na baiskeli, vidole vimechanika.
Yeye ndiye mvuta kamba ya kupandia:
mstari, hatua, mstari, hatua.
Mche ukimsogelea mwenzie anaung'oa, hana huruma.
"Itanyimana," husema.
Siku moja alinisimulia hivyo, kampakata Zahoro.
Nikasubiri alisikie mwenyewe alilolisema.
Akaomba chai.

Juzi nikamwambia. Si kwa mfano,
mifano huipenda sana, akaiacha palepale.
Nikasema: nimechoka, na ninaogopa.
Akanyamaza, akawa anazungusha pedeli kwa mkono,
mnyororo unalia kidogo kidogo.
Halafu: "Hicho kijiti, kinatolewa?"
Haikuwa ndiyo. Lilikuwa swali,
la kwanza kwa miaka tisa.

Basi, Sista, kinatolewa?
Na kikitembea, kinakwenda wapi?
Nijibu polepole, niyabebe majibu
yasimwagike mpaka Jumamosi.

Kanijibu. Kanishikisha kimoja, chembamba kama njiti ya kiberiti,
nikakikunja, kikanyooka tena.
Foleni inaguna nyuma yangu.
"Niandike nini?"

Andika kijiti. Andika kabla sijatoka wodi ya wazazi.
Ila andika kwa penseli.

Kaichonga kwa wembe, bila haraka.

Njiani nimesimama mara mbili, nimeifungua kadi,
kutazama kama maandishi bado yapo.